Boti ya kuangalia ndege Mtera: walau ajifunze kuzima injini

Nimekodi boti nzima nikaangalie ndege wa majini Bwawa la Mtera, nikapelekwa kuwafukuza. Tangu ufukweni nilimwambia nahodha: ukiona tope limejaa vitwitwi, wale ndege wadogo wa matopeni, zima injini mbali, tumalizie kwa upondo. "Usijali bosi." Kisha akaielekeza boti katikati ya kundi, injini inanguruma, jua la asubuhi linatupiga usoni. Likanyanyuka lote. "Si hao wanaruka? Piga picha!"

Picha ya nini? Hawa wadogo wa tope hutambulika wakitulia, nawe jua liwe mgongoni, uone miguu na mdomo. Chekeamwezi wa miguu ya kijani ana mdomo mnene uliopinda juu kidogo. Mwenzake mwembamba, mdomo wake umenyooka kama sindano. Ukitazama kuelekea jua, wote ni weusi tu. Asubuhi boti inatakiwa izunguke itokee mashariki, basi.

Na msimu ulikuwa wenyewe. Kuelekea Novemba maji yameshuka, maana yamefunguliwa kwenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Kidatu, tope liko wazi, na ndege wageni wa kutoka Ulaya na Urusi wameshafika. Mvua zikijaza bwawa, tope linafunikwa nao wanatawanyika.

Haki yake nimpe: visiki anavijua. Mtera imejaa miti mikavu iliyosimama majini, na mingine imekatika chini kidogo ya uso wa maji. Pangaboi likigonga kisiki, mtarudi kwa kupiga makasia. Alipenya bila kugusa hata kimoja, minandi wametanda mbawa juu ya vichwa vyetu.

Halafu pangaboi likanasa wavu. Kimya. Akiwa anakata nyuzi kwa kisu, vitwitwi wakaanza kurudi: anakimbia hatua chache, anasimama, anadonoa, anakimbia tena. Karibu kiasi cha kuona tope kwenye magoti yao! Hapo nilikuwa tayari kumpa nyota nne, kwa kazi iliyofanywa na wavu.

Wavu ulipotoka akavuta kamba, akafungua mafuta yote, palepale, juu yao.

Nyota moja. Haya, mbili, kwa ajili ya visiki. Mkimchukua, lipeni nusu kwanza, nusu akishazima injini. Darubini ya miguu mitatu iacheni nchi kavu, botini inatikisika. Ya mkono inayokuza mara nane inatosha.