Smiley wa le Carré: umri haujumlishiki, ila kidonda ni kilekile

Nimesoma vitabu vinane na robo tatu vya George Smiley, yule jasusi wa kubuni wa mwandishi Mwingereza John le Carré. Alivyoandika le Carré mwenyewe viko tisa, cha kwanza cha 1961 na cha mwisho cha 2017, ila A Murder of Quality nilichopata kwa wauza mtumba wa Posta kilikuwa hakina kurasa za mwishoni, na jamaa alinikazia macho akasema kiko poa bosi, sasa hicho ndo kitabu chenye kesi ya mauaji shuleni na mpaka leo sijui nani kaua. Tuliache hilo.

Kwa sisi tuliokua na Willy Gamba wa Elvis Musiba, Smiley anachanganya mwanzoni. Unatarajia shushushu wa ngumi na bastola, unaletewa mzee mfupi, mnene, suti ya bei mbaya lakini imemkaa kama kaazima, anafuta miwani na tai, halafu mke wake anachepuka na mji mzima unajua. Yani kitabu cha kwanza kabisa, Call for the Dead, hata kabla stori haijaanza unaambiwa mke, Lady Ann, kashaondoka na dereva wa mbio za magari wa Cuba. Nikasema huyu ndo jasusi wetu? Haya.

Natoboa mambo kuanzia hapa, kama hujasoma pita.

Makosa ya mwendelezo yapo na yapo mengi, ukisoma vyote mfululizo kama mimi ndo yanakukera, aliyekuwa anasubiri kimoja kimoja miaka ile labda hakuyaona. La wazi kuliko yote ni umri. Kitabu cha kwanza kinasema Smiley kaingizwa kazini 1928 akiwa Oxford. Sasa piga hesabu, ikifika Tinker Tailor Soldier Spy miaka ya 70 huyu mtu ni babu wa kustaafu zamani, wala sio mtu wa kupanda ngazi usiku kumvizia pandikizi wa Warusi. Le Carré akafanya nini? Akasogeza kalenda mbele kimyakimya, Smiley akapungua umri kama ile watu wanavyofanya kwenye vyeti vya kuzaliwa, mambo yakaendelea. Halafu 2017 kikatoka A Legacy of Spies, Peter Guillam, msaidizi wa zamani wa Smiley, kastaafu yuko shambani kwake Ufaransa anaitwa London kuhojiwa, na mwisho anamkuta Smiley yu hai, kakaa maktaba ya Freiburg Ujerumani anasoma vitabu vyake!! Kwa hesabu ya 1928 huyo kapita miaka mia, na hata kwa ile hesabu mpya bado anagonga mia, lakini anaongea vizuri tu, hana hata fimbo.

Mimi hilo nimesamehe. Kweli kabisa, sikujali, na nimejiuliza kwa nini maana kuna mfululizo mwingine niliutupa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Nadhani ni kwa sababu ya Ann. Mwaka unabadilika, umri unabadilika, lakini kidonda cha Ann hakibadiliki kitabu kwenda kitabu, na sio pambo, ndo injini yenyewe. Angalia ile ya Delhi, inasimuliwa kwenye Tinker Tailor: Smiley miaka ya 50 anakaa gerezani na mpelelezi wa Kirusi, ndo huyo atakuja kuitwa Karla, anambembeleza ahame upande. Jamaa hafungui mdomo. Smiley anaanza kuongea yeye, anaongea weee, na anachoongelea ni ndoa, ni wake za watu, kumbe anaongelea yake. Karla anaondoka na kiberiti cha gesi cha Smiley, zawadi ya Ann, kimeandikwa maneno ya mapenzi. Kaenda nacho Moscow pamoja na siri moja tu aliyohitaji, kwamba huyu bwana udhaifu wake ni mke. Miaka inapita, pandikizi wa Karla ndani ya idara ya ujasusi ya Uingereza, Bill Haydon, anaagizwa alale na Ann, makusudi, ili siku Smiley akimshuku watu waseme ana wivu, na yeye mwenyewe ajishuku hivyohivyo. Hapo niliweka kitabu chini, nilikuwa kwenye mwendokasi, nikapitiliza kituo.

Halafu Smiley's People, 1979, Smiley anamlipa Karla kwa sarafu ileile. Karla ana binti mgonjwa wa akili kamficha Uswisi, Smiley analijua hilo, anamkaba Karla hapo. Karla anavuka kuja Berlin Magharibi, anakiangusha kile kiberiti chini, na Smiley hakiokoti. Anaambiwa umeshinda George, anajibu kama mtu asiye na uhakika. Jamani. Kamshinda adui kwa kumfanyia kilekile alichofanyiwa, na anajua.

Sasa kosa ambalo SIJASAMEHE ni la Liz Gold. The Spy Who Came in from the Cold ya 1963 ndo bora kuliko vyote kwangu, hata Smiley mwenyewe humuoni sana. Liz ni binti wa maktaba, mkomunisti, mpweke, anampenda Alec Leamas, jasusi wa Kiingereza, basi. Anapigwa risasi akipanda Ukuta wa Berlin, Alec angeweza kuruka upande wa pili akapona, anashuka anamfuata. Ule upweke wa Liz ndo unaokuua msomaji, kwamba hana mtu mwingine duniani. Miaka 54 baadaye A Legacy of Spies inakuja kutuambia Liz alikuwa na mtoto! Karen, kakua, na yeye na mtoto wa Alec wanaitaka serikali iwajibike. Mtoto wa Alec sawa, tulishajua ana watoto. Ila Liz? Unarudi kusoma kile cha zamani unamtafuta mama mwenye mtoto mahali humuoni, huyo sio Liz ninayemjua. Umri ni karatasi tu, lakini hapo kagusa moyo wa mtu.

Kwa anayetaka kuanza: anza na The Spy Who Came in from the Cold, kifupi, siku mbili umemaliza. Kisha Tinker Tailor, vumilia kurasa 100 za mwanzo, majina ni mengi na hakuna anayekueleza kitu. The Honourable Schoolboy kinene mno, Hong Kong inakuchosha, lakini usiruke maana Jerry Westerby, mwandishi wa habari anayemfanyia Smiley ushushushu, naye anaponzwa na mapenzi na Smiley hatoki salama humo. The Looking Glass War ruka tu. Legacy azima usinunue.

Na mwenye A Murder of Quality yenye kurasa zote anistue, nalipa, ila usiniambie muuaji.