Google Sites kwenye somo la insha za safari: uzoefu wangu Iringa

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu hapa Iringa, na insha za safari zilishanichosha: tuliamka alfajiri, tukapanda basi, tukafika, tukala, tukarudi tumechoka. Mwaka huu nikawapa mradi. Kila kundi liende mahali pamoja jirani na mji, kisha litengeneze ukurasa ambao mgeni ataufuata mpaka afike. Tulitumia Google Sites, programu ya Google ya kutengenezea tovuti: ni bure, ukiwa na akaunti ya Google inatosha, na huhitaji ufundi wowote. Unavuta picha, unaiweka, unaandika.

Kilichonikosha ni ramani, unaibandika humo humo ukurasani. Kundi lililokwenda Isimila, eneo la Zama za Mawe, liliandika "mandhari inavutia mno". Wenzao waliokwenda Kalenga, waliopewa ukurasa huo wausome, wakauliza: sasa tunashukia wapi? Ikabidi wa Isimila waandike upya: kilometa kama 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya, kisha unaingia ndani kwa miguu au bodaboda, na ukiteremka korongoni kwenye zile nguzo zilizochongwa na mmomonyoko, vaa raba, ndala zinajaa mchanga. Sentensi ya ndala niliipa alama nyingi kuliko aya nzima ya sifa.

Wa Kalenga nao walianza kwa kunakili mtandaoni historia ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwamba fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Sawa, lakini hayo yanajulikana. Binti mmoja akaongeza kwamba liko ndani ya kioo kwenye makumbusho ya Kalenga, na ni dogo kuliko alivyomwazia mtu aliyewasumbua Wajerumani miaka yote ile. Hapo nikajua amefika kweli.

Upungufu upo. Kuhariri kunataka kompyuta. Kwa simu utaishia kusoma. Watoto nao wanaweza kumaliza kipindi kizima wakichagua rangi, kwa hiyo kwangu maandishi yanaanzia daftarini, na ambaye sijamsainia daftari hagusi kibodi. Wakifutiana kazi (na watafutiana), historia ya matoleo inairudisha. Kingine, chapisha kwa watu uliowaalika tu, sura za wanafunzi zisizagae.

Google Sites naipa nyota nne. Kwa darasa kubwa lenye kompyuta chache, tengeneza tovuti moja, kila kundi lipate ukurasa wake. Ni rahisi pia kusahihisha. Muhula ujao tunabadilishana na darasa la mwenzangu wa Tukuyu: wao watuandikie Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu, sisi tuwaulize nauli.