Gari la kukodi kutoka Moshi hadi Pangani: uzoefu wangu

Kampuni tuliyokodi gari mjini Moshi sitaitaja jina, kwa kuwa sehemu kubwa ya ninayoyaeleza inaweza kumsaidia msafiri kuipima kampuni yoyote ile. Tulikuwa watu wazima wanne, tukikusudia kushuka kutoka chini ya Kilimanjaro, kulala milimani Lushoto, kisha kumalizia Tanga na Pangani, na gari tulitaka kuliendesha wenyewe. Kwa barabara kuu, Moshi hadi Tanga ni kilomita zipatazo 350 za lami, umbali ambao basi huumaliza kwa siku moja, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba kazi ya mwenye gari ni kukabidhi funguo na kupokea fedha.

Kilichonivutia ni maswali ya mhudumu. Kabla hajataja bei alitaka kujua tunasafiri mwezi gani, nani atashika usukani, kama ameshawahi kuendesha milimani, na kama tulikuwa na nia ya kupita Lushoto mjini na kuendelea hadi Mtae. Mmoja wetu alipopendekeza tuondoke Moshi baada ya chakula cha mchana, alikataa kwa adabu: "Kaka, mkitoka hapa saa nane, Lushoto mtaipanda gizani." Ushauri huo peke yake ulistahili sehemu ya malipo, kwa sababu kipande cha Mombo hadi Lushoto, chenye kilomita zipatazo 33, kina lami lakini ni chembamba, kina kona kali zisizoonyesha kinachokuja, mwamba ukiwa upande mmoja na korongo upande wa pili, huku malori yaliyosheheni kabichi na karoti yakishuka kuelekea masoko ya mbali. Katika msimu wa masika huongezeka hatari ya udongo kuporomoka. Sisi tulikwenda baada ya mvua hizo kuisha, na tukatoka Moshi alfajiri.

Ratiba waliyotuandikia ilikuwa nzuri kuliko gari lenyewe. Muda wa safari ulikokotolewa kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, jambo lililonishangaza mpaka tulipopita Himo na kuanza kukutana na vijiji, matuta, vibao vya 50 na trafiki wenye tochi, mfululizo huo ukiendelea Mwanga, Same na Hedaru. Hiyo ilikuwa hesabu ya mtu anayeijua barabara, na ilitupatia nafasi ya kusimama bila kukimbizana na jua. Iliandika pia kwamba tuipumzishe gari Soni, ambako kuna maporomoko ya maji ya kutazama, na kwamba siku ya kushuka tutumie gia nzito ileile tuliyopandia ili breki zisiungue. Haikutaja popote kwamba maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu, lililo upande wa kulia baada ya Himo, ndiyo yanayoshuka kuwa Mto Pangani tuliokwenda kuukuta unaingia baharini. Mimi ningeliweka hilo katika ukurasa wa kwanza.

Gari, Toyota RAV4 ya siku nyingi, lilikuwa na matairi mazuri, jeki, pembetatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto na tairi la akiba lenye upepo, na vyote hivyo tulionyeshwa kimoja kimoja. Kiyoyozi kilikuwa dhaifu. Udhaifu huo haukuonekana Lushoto, ambako usiku tulivaa masweta, ila tuliujua vizuri tuliposhuka tena Mombo na kuifuata tambarare yenye joto kupita Korogwe, Segera na mashamba ya mkonge hadi Muheza, ambako tulinunua machungwa. Barabara ya kupanda Amani, walikoanzisha Wajerumani kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, tuliiacha kwa kukosa muda.

Kasoro kubwa ilikuwa katika mkataba. Uliweka kikomo cha kilomita 120 kwa siku, kila kilomita ya ziada ikilipiwa, na kila siku ikihesabiwa peke yake. Maana yake ni kwamba siku ya Moshi hadi Lushoto ilivuka kikomo kwa mbali, ilhali siku ambayo gari lilikwenda Irente tu na kurudi haikutupunguzia chochote. Tulizungumza kabla ya kutia saini, wakakubali kuandika jumla ya kilomita za safari nzima. Gharama ya kuliacha gari Tanga, yaani nauli ya dereva wa kulifuata na mafuta ya kulirudisha Moshi, ni halali kwa maoni yangu, lakini haikuwemo katika bei ya awali na tuliisikia asubuhi ya kukabidhiwa funguo, jambo ambalo si la uungwana. Bima ilikuwa kubwa, ingawa vioo na matairi vilibaki juu ya mteja.

Mkataba ulikataza pia kulipandisha gari kwenye kivuko bila kibali cha maandishi. Kwetu haikuwa shida, kwani mwisho wetu ulikuwa Pangani mjini, na njiani kutoka Tanga tulipita kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya Tongoni, ambayo ratiba iliyasahau. Anayepanga kuvuka mto hadi Bweni, aendelee Mkwaja na Saadani, aombe kibali hicho siku ya kuweka nafasi, na akisome kama kinataja hifadhi ya taifa.

Tulilirudisha gari Tanga likiwa na mkwaruzo mmoja mlangoni, ambao ulikuwepo katika picha tulizopiga pamoja na mhudumu siku ya kulichukua, na amana yetu ikarudishwa yote.