Uzoefu wangu na 18.03: kozi ya bure ya MIT iliyonifundisha kuutazama mlinganyo kabla ya kuutatua

Jaribio la kwanza la DE (differential equations, yaani milinganyo ya difrenshali, ile inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika) nilipata 11 kati ya 40. Nilikuwa mwaka wa pili wa uhandisi, na hesabu haikuwahi kunishinda tangu sekondari. Milinganyo ya difrenshali nilikuwa nimeikariri kwa aina zake: hii inatenganishika, hii ya linia, hii ya Bernoulli, kila moja na hatua zake. Swali lililonimaliza lilikuwa fupi. Bila kuutatua mlinganyo huu, eleza y itaelekea wapi kadiri muda unavyosonga. Nililisoma mara nne. Kwangu mlinganyo ulikuwa kitu cha kutatua, basi. Hakuna siku niliyowaza kwamba unaweza kutazamwa tu ukakueleza tabia yake.

Jioni ile kaka mmoja wa mwaka wa nne, tuliyekuwa tunakaa naye korido moja hosteli, alinipa flashi akaniambia nianze na mhadhara wa kwanza na nisiruke. Ilikuwa na mihadhara ya kozi ya MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, inayoitwa 18.03, iliyorekodiwa mwaka 2003 darasani, ubao na chaki, mwalimu akiwa Profesa Arthur Mattuck. Mzee huyo alifariki mwaka 2021. Sikuwahi kumwona, lakini nimekaa naye saa nyingi kuliko mwalimu mwingine yeyote wa somo hili, na ninamshukuru kwa dhati.

Mhadhara wa kwanza haukimbilii kutatua. Mattuck anachukua y′ = 1 + x − y (y′ ni kasi ya kubadilika kwa y), kisha badala ya kushika kanuni anachora. Kila nukta kwenye ubao ina x yake na y yake. Ukiziweka kwenye upande wa kulia wa mlinganyo unapata namba, na namba hiyo ndiyo mwinamo wa kijistari unachokichora pale. Ukijaza ubao kwa vijistari hivyo unaona kitu kama mto: maji yanaelekea wapi, wapi yanakaza, wapi yanatulia. Jibu la mlinganyo ni njia ya jani lililodondoka kwenye mto ule. Ili asihesabu nukta mojamoja, anatafuta mistari ambayo mwinamo haubadiliki. Kwa mlinganyo huu ni mistari sambamba, na mmoja wao, y = x, wenyewe ni jibu. Kisha anaonyesha kwamba mkondo ukishaingia kwenye ujia wa katikati ya mistari hiyo hauna pa kutokea, kwa hiyo lazima uzidi kuukaribia y = x. Nilisimamisha video nikachukua karatasi ya jaribio langu. Lile swali la alama nane ningelimaliza kwa dakika tatu.

Tangu usiku ule sikuanza tena mlinganyo kwa kujiuliza ni wa aina gani. Naanza kwa kuuliza unataka kwenda wapi.

Kuhusu gharama, kwa sababu najua ndilo jambo la kwanza kwa wengi wetu: MIT OpenCourseWare, tovuti ambako MIT inaweka kozi zake, ni bure kabisa. Hujisajili, huulizwi barua pepe, na cheti hakipo, kwa hiyo kama unatafuta cheti pita. Kila mhadhara ni kama dakika 50 na unaruhusiwa kuupakua. Mimi sikuangalia hata mmoja moja kwa moja mtandaoni. Nilinunua bando la usiku, nikapakua mitatu minne, nikalala. Leseni yake inaruhusu kugawana mradi huuzi na unataja ilikotoka, ndiyo maana sioni haya kusema kwamba flashi ile imezunguka diskasheni yetu yote, yaani kikundi chetu cha kujisomea, na ikarudi.

Kuna matoleo mawili, na hapa wengi wanachanganyikiwa. Toleo la zamani lina mihadhara ya Mattuck, dondoo na mitihani. Toleo jipya zaidi lina herufi SC mwisho wa namba, yaani 18.03SC, na limepangwa kwa ajili ya mtu anayesoma peke yake: somo fupi, kipande cha video, maswali, majibu yenye hatua zote, kisha video za wasaidizi wa kufundisha wakitatua swali mbele yako. Ushauri wangu ni kutumia yote mawili. Mattuck akupe picha, SC ikukamue kwa mazoezi. Baadhi ya mazoezi ya toleo la zamani yanarejea kitabu cha kununua, na kwa kuwa SC ipo huna sababu ya kukitafuta. Halafu kwenye orodha ya video mhadhara namba 18 haumo. Usihangaike kuutafuta, namba 19 inafungua mada mpya na utaielewa vizuri.

Wiki mbili za kwanza nilikosea namna ya kusoma, na nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu nimeona wenzangu watatu wakiingia shimo hilohilo. Nilikuwa nakaa naangalia. Mwalimu anaeleza vizuri, kila hatua inaingia, unafunga kompyuta ukijiona umeiva. Asubuhi unajaribu swali, mkono hauandiki. Niligeuza utaratibu. Akishaandika swali ubaoni nasimamisha, najaribu mwenyewe dakika kumi kamili, hata kama sina dalili ya kufika. Nikirudi kwenye video sisikilizi tena hatua zote. Nasikiliza pale tu nilipokwama. Mhadhara wa dakika 50 ulianza kunichukua saa mbili na nusu. Hiyo ndiyo bei yake halisi, bando ni sehemu ndogo.

Mada iliyonishika kuliko zote ni ya mhadhara wa tano, milinganyo ambayo muda haumo upande wa kulia. Mimi ni mtoto wa Mwanza. Nimekulia karibu na Mwaloni Kirumba, mjomba wangu amevua sangara maisha yake yote. Sasa chukua y kuwa wingi wa samaki: y′ = ay − by² − h. Sehemu ya kwanza ni kuzaana, ya pili ni kubanana na kugombea chakula, h ni kiasi kinachovuliwa kila mwaka. Huna haja ya kuutatua. Tafuta y′ ni sifuri wapi. Kama h ni ndogo utapata sehemu mbili. Ya juu imetulia: samaki wakipungua kidogo wanarudi wenyewe. Ya chini ni ukingo: wakishuka chini yake hawarudi tena. Ongeza h taratibu na sehemu hizo mbili zinasogeleana, zinakutana h ikifika a²/4b, na ukipita hapo hata kidogo zote mbili zinatoweka. Kuanzia hapo haijalishi ulianza na samaki wangapi, wataisha. Kwenye karatasi ni mstari mmoja wenye mishale. Niliuchora nikakaa kimya muda mrefu, nikimfikiria mjomba anayesema kila likizo kwamba ziwa halikumaliza samaki siku moja, ila kuna mwaka lilikataa kurudi.

Laplace nayo, ile njia ya kugeuza mlinganyo wa difrenshali kuwa wa aljebra ya kawaida, lazima niiseme. Chuoni tulipewa jedwali: hiki kinakuwa hiki, kile kinakuwa kile, nendeni mkafanye. Hakuna aliyeuliza hiyo e yenye kipeo cha kutoa st imetoka wapi. Mattuck anaanza na kitu ambacho kila mtu ameshakiona, mfululizo wa vipeo: namba a₀, a₁, a₂, kila moja imezidishwa na kipeo cha x, zote zimejumlishwa. Kisha anauliza, itakuwaje ukiacha kuruka 0, 1, 2 na badala yake ukapita kwenye kila t? Jumla inageuka intigrali, x yenye kipeo n inakuwa x yenye kipeo t. Na kwa kuwa hakuna apendaye kufanya intigrali ya x kwa kipeo t, unaandika x kama e kwa kipeo cha kutoa s. Laplace ndiyo hiyo. Haikushuka kutoka mbinguni; ni ndugu wa mfululizo tuliousoma mwaka wa kwanza. Nilipowaeleza wenzangu kwenye diskasheni, dada mmoja alifunga daftari akasema turudie tangu mwanzo, safari hii polepole. Tulirudia, na sikumbuki kipindi kizuri zaidi ya kile.

Ziko zana ndogo za kompyuta zinazokwenda na kozi, zinaitwa Mathlets. Unavuta kitelezi, namba za matriki (jedwali la namba za milinganyo) zinabadilika na mikondo inageuka mbele ya macho yako, kutoka kuzunguka kama maji ya sinki hadi kutawanyika. Kwa mada ya mifumo ya milinganyo, yaani milinganyo miwili au zaidi inayokwenda pamoja, zinaokoa wiki nzima.

Mapungufu yapo. Lugha ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na Mattuck anaongea kama mtu aliye darasani, si kama anayesoma karatasi. Mihadhara miwili ya kwanza itakubidi urudie. Picha ni za 2003, kwenye simu ndogo maandishi ya ubaoni yanasumbua macho. Mada hazifuatani sawasawa na silabasi za vyuo vyetu: kutatua kwa mfululizo wa vipeo, ambako kwetu kuna maswali kila mwaka, hakumo kwenye mihadhara hii, kwa hiyo hapo tegemea dondoo za chuo. Na kama intigrali za mwaka wa kwanza bado zinakutoa jasho, zimalize kwanza, kwa sababu anachukulia kwamba unajua kutenganisha y na x kabla hujaingia mlangoni. Kubwa zaidi, hakuna wa kukusahihishia. Sisi tulibadilishana madaftari kila Jumamosi, kila mtu akasahihisha la mwenzake kwa majibu ya SC.

Jaribio la pili nilipata 29. Mtihani wa mwisho nilipita bila supu, yaani bila mtihani wa marudio.

Mhadhara wa mwisho uliorekodiwa, namba 33, niliuangalia baada ya mtihani, bila kulazimishwa na mtu. Unahusu mwanahisabati wa Italia, Vito Volterra, na samaki wa bahari ya Adriatic: wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia uvuvi ulipungua, na kwenye samaki waliovuliwa sehemu ya papa na jamaa zao ikaongezeka. Volterra alionyesha kwa milinganyo miwili kwamba ukivua walaji na waliwao kwa pamoja, wastani wa wanaoliwa unapanda na wa walaji unashuka. Likizo hiyo nilimchorea mjomba kwenye mchanga duara la walaji na waliwao wanavyopanda na kushuka kwa zamu, sangara upande mmoja, furu, samaki wadogo wanaoliwa na sangara, upande wa pili. Aliutazama, kisha akanihadithia kwamba miaka ya tisini, sangara walipokuwa wanavuliwa sana, furu walianza kuonekana tena kwenye nyavu, na wazee walibishana sababu ni nini. Akaniuliza kama hesabu hiyo ina mahali pa kuweka dagaa. Nimerudi chuoni na daftari. Mlinganyo wa tatu bado naupanga.