Vyuo Vitano vya Wanawake na Amana Moja: Tathmini ya Mzazi Kabla ya Tarehe 1 Mei

Binti yangu alipokubaliwa na vyuo vitano vya wanawake nchini Marekani, yaani Barnard, Bryn Mawr, Mount Holyoke, Smith na Wellesley, furaha ya nyumbani ilidumu siku mbili, kisha ikafuata kazi ambayo hakuna aliyetuandaa kwayo. Miongozo ya kuomba nafasi imejaa kila mahali, lakini anayetakiwa kuchagua baada ya kukubaliwa hupewa wiki chache tu, kwa kuwa vyuo vingi nchini humo hutaka jibu pamoja na amana, yaani malipo ya kushika nafasi, ifikapo tarehe 1 Mei. Katika wiki hizo tulivitembelea vyote vitano, naye akalala bwenini katika vitatu. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya msichana aliyeshika barua zaidi ya moja, na kwa mzazi anayekaa naye mezani usiku akizisoma.

Nitangulize hukumu yangu ili msomaji anipime nayo tangu mwanzo. Ukivitazama ndani ya kuta zake, vyuo hivi vinafanana kwa mambo mengi: madarasa ni madogo, maprofesa huwajua wanafunzi wao kwa majina, wasichana ndio wanaoshika uongozi wa kila chama, na maktaba zinapendeza kiasi cha kumpotosha mgeni. Kwa hiyo kuvilinganisha kwa wahitimu mashuhuri hakumsaidii mtu. Wellesley itamtaja Madeleine Albright, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Mount Holyoke itamtaja Frances Perkins, aliyekuwa waziri wa kazi, Barnard itamtaja mwandishi Zora Neale Hurston, na baada ya hapo utabaki pale ulipoanzia. Kinachovitofautisha kweli ni jirani. Chuo chenye wanafunzi 1,400 au 2,500 hakiwezi kufundisha kila somo, na ndiyo maana kila kimoja kati ya hivi kimefunga mapatano na chuo au vyuo vya karibu ili wanafunzi wake wasome huko bila kulipa ada ya pili. Swali la kuuliza, basi, ni jirani huyo ni nani, yuko umbali gani, na mwanafunzi humfikiaje asubuhi ya Jumanne yenye theluji.

Kwa Barnard jibu ni rahisi kuliko kwingine kote, kwa sababu jirani yuko ng'ambo ya barabara. Mwanafunzi huvuka Broadway, jijini New York, na tayari yuko Chuo Kikuu cha Columbia, ambako anaweza kusoma, kutumia maktaba na kujiunga na vyama, na mwishowe shahada yake hutolewa na chuo kikuu hicho. Hata hivyo Barnard, iliyoanzishwa mwaka 1889, ina bodi yake, maprofesa wake na udahili wake, na iliendelea kuwa hivyo hata baada ya Columbia College, chuo cha shahada ya kwanza ndani ya Columbia, kuanza kupokea wanawake mwaka 1983. Ninaheshimu sana uamuzi huo. Lakini ukaribu huo una upande wa pili ambao msichana apaswa kuupima kwa moyo mtulivu: anayetaka chuo cha wanawake kwa ajili ya utulivu wa jumuiya ndogo atakuta jiji zima mlangoni, na wanafunzi wengi hutawanyika jioni kwenda mjini. Binti yangu alilala pale usiku mmoja akarudi akisema, "Mama, pazuri sana, lakini kila mtu ana mahali pengine pa kwenda." Kwa msichana mwingine, sentensi hiyo hiyo ingekuwa sababu ya kulipa amana siku iyo hiyo.

Wellesley iko mbali zaidi na jirani zake. Chuo kiko kando ya ziwa Waban, kilomita 20 hivi magharibi ya Boston, na nakiri kwamba sijaona mandhari ya chuo iliyonigusa kama ile. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wake wamekuwa wakisoma MIT, chuo kikuu cha teknolojia kilicho karibu na Boston, na wale wa MIT wakisoma Wellesley, na kuna basi la kuwapeleka na kuwarudisha. Jambo hilo hutajwa na kila anayewatembeza wageni, na ni la kweli, lakini ninamshauri msichana achukue ratiba ya basi na ratiba ya masomo anayoyataka, aziweke pamoja, na ahesabu saa. Somo la MIT linaweza kumla nusu siku, na somo la pili katika muhula huo huo lahitaji mtu aliyejipanga barabara. Kwa upande mwingine, kuna utaratibu mmoja wa Wellesley ambao ningependa vyuo vyote viuige: alama za muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza huonyeshwa mwanafunzi mwenyewe, lakini haziingii kwenye nakala rasmi ya matokeo. Msichana aliyetoka shule ambayo haikumwandaa vizuri kwa uandishi wa kitaaluma hupata miezi minne ya kujifunza kukosea bila adhabu. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika.

Smith na Mount Holyoke lazima zizungumziwe pamoja, kwa kuwa zina jirani wale wale. Zote mbili ziko katika bonde la mto Connecticut, magharibi mwa Massachusetts, na zimeungana na vyuo vya Amherst na Hampshire na tawi la Amherst la Chuo Kikuu cha Massachusetts katika ushirika wa vyuo vitano, huku mabasi ya umma yakiviunganisha. Chuo kikuu hicho cha jimbo kina maelfu kwa maelfu ya wanafunzi, kwa hiyo somo lisilopatikana kwenye chuo kidogo aghalabu hupatikana huko. Umbali wa kilomita 13 au 16 kufika Amherst si mdogo, lakini barabara hiyo haina msongamano wa Boston, na tuliokutana nao walilizungumzia basi kama mtu anavyozungumzia ngazi za nyumbani kwake.

Tofauti kati ya ndugu hawa wawili iko katika mpangilio wa maisha na masomo. Smith, iliyofungua milango mwaka 1875 kwa urithi ulioachwa na Sophia Smith, haina mabweni makubwa ya kawaida bali nyumba zaidi ya 30, kila moja na sebule yake na desturi zake, ambamo wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa nne huishi pamoja. Tena haimlazimishi mwanafunzi kugusa kila tawi la elimu. Zaidi ya somo moja la uandishi na matakwa ya fani yake kuu, njia ni yake na mshauri wake. Uhuru huo humfaa anayejijua, na huweza kumchelewesha asiyejijua. Kwa anayetaka uhandisi sioni haja ya mjadala mrefu, kwa maana Smith ndiyo iliyokuwa chuo cha kwanza cha wanawake Marekani kuanzisha programu yake yenyewe ya uhandisi, na hatutegemei basi kwa jambo ambalo binti atalifanya kila siku kwa miaka minne.

Mount Holyoke ndiyo kongwe kati ya hivi vitano, kwani Mary Lyon aliifungua kama seminari ya wasichana mwaka 1837, na mji wake wa South Hadley ni mdogo kuliko Northampton iliko Smith. Mtu asichukulie udogo wa mji kuwa kasoro bila kufikiri. Kwa kuwa hakuna pa kukimbilia jioni, wanafunzi hubaki pamoja, na ile desturi yao ya vitafunio vya usiku, maziwa na biskuti mabwenini, ina maana kuliko nilivyodhani nilipoisoma kwenye kijitabu. Wanafunzi kutoka nje ya Marekani ni sehemu kubwa ya chuo, na hilo lilionekana wazi katika ukumbi wa chakula. Kama binti yangu angekuwa msichana wa kuhofia upweke, ningemsihi aende huko.

Bryn Mawr ndiyo ndogo kuliko zote, na kwa mtazamo wangu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Ilifunguliwa mwaka 1885 nje ya Philadelphia, ikawa ya kwanza miongoni mwa vyuo vya wanawake Marekani kutoa shahada za uzamivu, na hadi leo hali hiyo ya utafiti inasikika hata kwa wa mwaka wa kwanza. Jirani wa karibu ni Haverford, kilomita mbili hivi, na ushirikiano wao umefika mbali kiasi kwamba mwanafunzi wa Bryn Mawr anaweza kuchukua fani yake kuu yote huko. Swarthmore na Chuo Kikuu cha Pennsylvania nao wanapokea wanafunzi hao katika masomo yao, na treni humfikisha mtu katikati ya Philadelphia kwa nusu saa hivi. Wanafunzi wamejitawala kwa chama chao tangu mwaka 1892. Chini ya kanuni yao ya uaminifu, mwanafunzi hupanga mwenyewe saa ya kufanya mitihani mingi ya mwisho wa muhula, na ni desturi kutojadili alama na wenzake. Binti yangu, ambaye kwa miaka sita amekuwa akiulizwa "umepata ngapi?" kila baada ya mtihani, aliniuliza mara mbili kama nilikuwa nimesikia vizuri.

Hapa sina budi kurudi kwenye hoja ya jirani, kwa sababu jirani anaweza pia kukumeza. Mwaka 1960 vyuo vya wanawake Marekani vilizidi 200. Leo vimebaki takriban 30. Radcliffe iliingia kabisa ndani ya Harvard mwaka 1999, na Mills ya California ikaungana na Northeastern mwaka 2022. Mount St. Scholastica ya Atchison, Kansas, ambako Wangari Maathai alisoma biolojia na kuhitimu mwaka 1964, iliungana mwaka 1971 na chuo cha wanaume kilichokuwa karibu nayo, na jina lake likatoweka. Kwa hiyo anayechagua chuo kidogo zaidi kuliko hivi vitano aulize waziwazi kuhusu hali ya fedha ya chuo na kama kuna mazungumzo ya kuungana. Hilo si swali la kuona haya.

Kuhusu fedha nitasema yale tu yaliyotuumiza kichwa. Gharama kamili ya kila kimoja kabla ya msaada imepita dola 80,000 kwa mwaka, na hakuna familia ya kawaida inayopaswa kuchagua kwa kutazama nambari hiyo. Toa ruzuku peke yake kutoka kwenye gharama kamili, acha mkopo na ujira wa kazi ya chuoni nje ya hesabu, kisha linganisha kinachobaki, ukiongeza bima ya afya na nauli za likizo. Chuo kingine, kisichokuwa miongoni mwa hivi vitano, kilituandikia barua yenye jumla nono ya "msaada", na nilipoisoma mara ya tatu ndipo nilipogundua kuwa sehemu kubwa ya jumla hiyo ilikuwa mkopo ambao ningeubeba mimi. Nilikasirika, na bado nimekasirika, kwa sababu mzazi aliyechoka angeweza kutia sahihi. Smith iliondoa mikopo katika msaada inaoutoa tangu msimu wa vuli wa 2022, na barua yake ilisomeka kwa urahisi kuliko zote. Ofisi ya msaada wa masomo inaweza kuombwa iangalie upya hesabu yake ikiwa kipato cha familia kimebadilika, na barua fupi yenye vielelezo inatosha kuanzisha mazungumzo hayo.

Tulibaki na Smith na Bryn Mawr, tofauti ya gharama ikiwa ndogo. Binti yangu anataka jiolojia. Idara ya jiolojia ya Bryn Mawr iliasisiwa mwaka 1895 na Florence Bascom, mwanamke wa kwanza kupata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wa kwanza kuajiriwa kama mwanajiolojia na idara ya taifa ya upimaji wa miamba, na wanawake aliowafundisha walijaa katika taaluma hiyo kwa kizazi kizima. Historia hiyo haikumshawishi yenyewe. Kilichomshawishi ni kwamba alikaa katika darasa la watu tisa ambalo profesa alipitisha mwamba mkononi mwa kila mmoja, yeye mgeni akiwemo, na akamwuliza ameona nini kabla ya kumwambia ni mwamba gani. Katika chuo ambacho somo lake liko nyumbani, jirani huwa wa nyongeza, na wa nyongeza aliye kilomita mbili anatosha.

Alilipa amana ya Bryn Mawr tarehe 27 Aprili. Kabla ya hapo aliviandikia vyuo vinne vilivyobaki, akashukuru kila kimoja kwa jambo alilolikuta huko, na akaziachia nafasi zake ili ziwafikie wasichana walio kwenye orodha ya kusubiri.