Sanduku la kuzalia mbwa: plaiwudi au plastiki?
Kwa banda la mbwa lenye leseni hapa Malindi, nachagua plastiki ngumu. Plaiwudi haitelezi, na fundi wa mtaani ataiunga upesi. Lakini hunywa mkojo na maji ya uzazi, na unyevu wa pwani huivimbisha kingo. Virusi vya pavo, vinavyoharisha na kuua watoto wa mbwa, vikijificha ndani ya nyuzi zake, jiki haivifikii. Plastiki unaiosha kwa sabuni, kisha jiki sehemu 1 kwa maji 30, dakika 10. Huteleza, kweli, kwa hiyo tandika blanketi zito linalofulika. Lolote utakalochagua, piga reli (upau wa kinga) kuzunguka ndani, kama sentimita 10 kutoka chini na ukutani, mama asiwabane watoto. Wiki ya kwanza hawawezi kujipasha joto, na usiku wa kusi una baridi, kwa hiyo blanketi lisikose.