Niliuziwa "yakuti", mchanga ukaila

Siku chache kabla ya Ramadhani nilinunua saa kwenye duka moja pale Darajani. Muuzaji aliniapia kioo chake ni yakuti, safaya kama wanavyoiita, hakikwaruziki maisha. Sikuvutana naye sana bei. Mimi mwashi, nakarabati kuta za Mji Mkongwe, mkono wangu kutwa umo kwenye mchanga na chokaa. Kioo kigumu ndicho nilichokifuata.

Wiki mbili hazikutimia. Napangusa vumbi kwa ncha ya shati, jua likapiga, naona mistari miwili imekatiza toka kwenye 2 mpaka kwenye 7. Ukipitisha ukucha, unanasa.

Nikairudisha. Yule bwana hata kuishika hakuishika. "Hizi saa za watu wa ofisini, si za nyie wa chokaa." Mbele ya wateja! Na ukuta aliouegemea akisema hayo umesimama kwa chokaa hiyo hiyo. Wallahi nilitetemeka.

Nikampelekea mzee mmoja fundi saa. Akadondosha tone la maji juu ya kioo changu, likatandaa. Akadondosha jingine kwenye saa ya mteja, yenye yakuti ya kweli, likakaa duara kama ushanga. "Mwanangu, hiki kioo cha kawaida." Akanieleza: kwenye kipimo cha ugumu yakuti ni 9, chini ya almasi tu yenye 10. Chembe za kwatzi zilizomo mchangani ni 7, na kioo cha kawaida hucheza kwenye 5 na 6. Kingeponea wapi?

Nikasema basi, nadunduliza ninunue yakuti ya kweli. Mzee akavuta mtoto wa meza: vioo vya yakuti vilivyomeguka pembeni, kimoja kimepasuka kabisa, kiliangukia sakafu. Kigumu, lakini kikavu, chepesi kuvunjika. Mimi napanda jukwaa la ujenzi kila siku.

Kwa hiyo nimerudia saa ya marehemu baba, ya kioo cha plastiki. Inachubuka kwa kila kitu, kweli, ila naisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, inang'aa tena. Imeshaanguka nami mara mbili, haina ufa.

Ile ya Darajani, haki yake niipe, haijakosea hata dakika. Angeniambia tu ni kioo cha kawaida, ningeinunua vilevile, niivae Ijumaa.